GPS si boya: Mvuvi wa ngalawa aanze kununua nini?

KATIKA madiko mengi ya mwambao, kuanzia Tanga hadi Mtwara, na ng'ambo ya pili Unguja, Pemba na Mafia, bado yupo mvuvi anayetoka peke yake. Ana ngalawa au mtumbwi wa tanga, mishipi, madema machache, dumu la maji ya kunywa na kiporo cha jana usiku. Hana injini, hana msaidizi, na mara nyingi huyo huyo ndiye mwenye shamba la mihogo na minazi kule nyuma ya kijiji.

Mvuvi wa aina hii ameanza kuulizia kifaa cha GPS cha mkononi. Ameona wenzake wenye boti za injini wakirudi kwenye mwamba ule ule wenye samaki bila kupapasa, naye anataka. Ni jambo la kupongezwa, kwa kuwa mtu anayetafuta kifaa cha kazi ameanza kuuona uvuvi kama biashara na si kubahatisha.

Tatizo ni swali analoingia nalo dukani. Huuliza: "GPS ya bei rahisi ni ipi?" Lakini kwa mtu anayetoka peke yake, swali la kwanza lilipaswa kuwa jingine kabisa: "Nikianguka majini leo, ni kitu gani kitaniweka juu ya maji mpaka atokee mtu?" GPS haina jibu la swali hilo.

Hapana budi jambo hili lielezwe wazi, maana wako wanaodhani kuwa ukishakuwa na GPS, basi mahali fulani ofisini kuna mtu anakuona. Si kweli. Kifaa cha kawaida cha GPS ni kama redio ya mkulima: kinasikia, hakisemi. Kinapokea mawimbi ya satelaiti zinazozunguka dunia katika umbali wa kilomita zipatazo 20,200 kutoka ardhini, kinafanya hesabu, kisha kinamwambia aliyekishika kwamba yuko hapa. Mwingine yeyote haambiwi kitu. Mvuvi anaweza kuzama akijua mahali alipo kwa usahihi wa mita kumi.

Vyombo vikubwa vinapozama taifa zima hulia. MV Bukoba mwaka 1996, MV Spice Islander mwaka 2011, MV Skagit mwaka 2012 na MV Nyerere mwaka 2018 ni majina ambayo hayatasahaulika. Mvuvi mmoja mmoja anayepotea na ngalawa yake haundiwi tume. Husomewa hitima kijijini na mambo huishia hapo. Duniani kote hali ni hiyo hiyo: mwaka 1999 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilikadiria kwamba wavuvi 24,000 hufa kazini kila mwaka, lakini utafiti wa taasisi ya FISH Safety Foundation wa mwaka 2022 ulikadiria kuwa idadi hiyo inazidi 100,000. Tofauti kubwa namna hiyo inatokana kwa sehemu kubwa na vifo vya wavuvi wadogo ambavyo havikuwa vikiandikwa popote.

Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye jaketi okozi, lile ambalo wengi huliita boya la kuvaa. Hapo napo kuna mitego. Majaketi hupimwa kwa nguvu ya kuelea, na kipimo huandikwa ndani yake kwa herufi N. Lenye 50 ni la kumsaidia mtu anayejua kuogelea, aliye karibu na ufukwe au karibu na watu. Kwa mtu aliye peke yake kwenye maji makubwa lisinunuliwe pungufu ya 100, ambayo ni sawa na kubeba kilo kumi hivi. Namba hiyo inaonekana ndogo, lakini mwili wa binadamu ukiwa ndani ya maji uzito wake ni kilo chache tu. Jaketi la 100 limetengenezwa pia kumgeuza mtu aliyezimia ili uso utazame juu, na la 150 hufanya kazi hiyo vizuri zaidi penye mawimbi.

Yapo majaketi membamba ya kujaza hewa, mazuri kwa macho na mepesi kuvaa. Hayamfai mvuvi wa ngalawa. Yana chupa ndogo ya gesi inayotakiwa kubadilishwa baada ya kutumika, na kuipata nje ya miji mikubwa ni kazi. Ndoana moja ikitoboa mfuko wake, imebaki nguo tu. La sponji ni zito na lina joto, lakini likitobolewa bado linaelea.

Mnunuzi asiridhike na maandishi pekee, kwani maandishi hata cherehani huandika. Jaketi livaliwe, lifungwe, kisha mtu aingie nalo kwenye maji ya kifuani, akunje magoti na kulala chali. Kama mdomo hauko juu ya maji, au jaketi linapanda mpaka masikioni, muuzaji arudishiwe mzigo wake. Linalopanda huweza kusaidiwa na mkanda unaopita katikati ya miguu. Rangi iwe ya machungwa au njano. Bluu na nyeusi hazionekani baharini.

Wako watakaosema kuwa dumu tupu la lita 20 linatosha, na halinunuliwi. Ni kweli kwamba dumu lililofungwa vizuri hubeba karibu kilo 19, na ni heri kuwa nalo kuliko kukosa. Lakini dumu halivaliwi. Mtu aliyepigwa kichwani na foromali hashiki dumu. Hoja hiyo hiyo inalihusu jaketi linalowekwa chini ya nyavu "mpaka bahari ichafuke": bahari ikishachafuka, mkono mmoja uko kwenye usukani na mwingine kwenye demani, na hapo hakuna wa tatu wa kuvalia jaketi.

Kuna hatari moja ambayo inamhusu hasa anayetoka pekee, na haizungumzwi kijiweni. Mwenye wenzake akianguka, chombo hugeuzwa. Aliye pekee akianguka, ngalawa inaendelea na safari. Kwa mwendo wa noti nne, ambao ni wa kawaida kabisa penye upepo, chombo hukata mita zipatazo mbili kila sekunde. Baada ya dakika moja kiko mita 120 mbele, na hakuna mwogeleaji wa kukifikia. Dawa yake ni kamba imara, urefu wa mikono michache, kutoka kiunoni au kwenye jaketi hadi kwenye mlingoti au boriti, pamoja na kisu kifupi kiunoni ili kamba iweze kukatwa chombo kikipinduka. Gharama yake ni ndogo. Hakuna kifaa kingine katika orodha nzima kinachotoa faida kubwa hivyo kwa fedha kidogo hivyo, na pengine ndiyo sababu wauzaji hawakitangazi.

Baada ya kuelea, mtu anahitaji kuonekana na kusikika. Filimbi iliyofungwa kwenye jaketi husikika mbali kuliko sauti ya mtu aliyekwisha kunywa maji ya chumvi. Tochi isiyoingia maji, kipande cha kioo cha kumulikia jua, na utepe wa kung'aa kwenye jaketi na kwenye tanga, vyote ni vitu vya bei ndogo. Simu iwe ndani ya mfuko wa plastiki ngumu unaofungwa usiingize maji, ikiwa na chaji kamili. Karibu na pwani mtandao hupatikana mara nyingi, na namba 112 ya dharura haikatwi vocha.

Sasa GPS yenyewe. Hadi mwaka 2000 kifaa hiki kisingemsaidia sana mvuvi mdogo, kwani Marekani, wenye satelaiti hizo, walikuwa wakiyavuruga kwa makusudi mawimbi ya matumizi ya raia kiasi kwamba kosa liliweza kufikia mita 100. Usiku wa kuamkia Mei 2, 2000, kwa amri ya Rais Bill Clinton, uvurugaji huo ulisitishwa. Leo kifaa cha kawaida mahali pa wazi kama baharini hukosea mita chache tu, hakilipiwi ada ya mwezi na hakihitaji mtandao wa simu.

Simu za kisasa nazo zina GPS ndani, na hufanya kazi hata pasipo mtandao. Kwa nini basi kununua kingine? Kwa sababu kioo cha simu hakitii kidole kilicholowa, mwanga wake haushindani na jua la saa sita, na ikizimika chaji mvuvi amepoteza ramani na njia ya kuitia msaada kwa wakati mmoja. Simu ibaki kuwa simu. Lakini kwa asiye na uwezo wa vyote viwili, simu kwenye mfuko mzuri pamoja na jaketi ni bora kuliko GPS ya fahari bila jaketi.

Mwenye uwezo atafute kifaa kinachotumia betri ndogo za kawaida za AA, si cha betri ya ndani ya kuchaji. Kwenye dago lisilo na umeme, betri za AA hupatikana dukani, chaja haipatikani. Vifaa vya familia ya Garmin eTrex ni mfano wa ngazi ya chini inayotosha. eTrex 10, iliyotoka mwaka 2011, hutumia betri mbili, na mtengenezaji aliitangaza kuwa hukaa saa 25. eTrex SE ya mwaka 2023 ilitangazwa kwa saa 168, na ilianza kuuzwa Marekani kwa karibu dola 150. Kwa hesabu ya shilingi 2,500 kwa dola, hiyo ni shilingi 375,000 kabla ya usafiri, kodi na faida ya muuzaji. Saa hizo za kutangazwa hazipatikani kwa betri za bei poa. Betri za alkalaini, ingawa ni ghali kidogo, hukaa muda mrefu zaidi, na jozi ya akiba iwe ndani ya mfuko mkavu.

Kioo cha rangi si lazima. Ramani nzuri za ndani pia si lazima, maana ramani zinazokuja na vifaa vya bei ndogo huchora pwani kwa mkono mzito. Mwenye kuiamini anaweza kujikuta juu ya mwamba huku kifaa kikimwonyesha yuko katika maji mazuri. Kinachohitajika ni vitu viwili: uwezo wa kuhifadhi alama ya mahali, na mshale wa kurudi kwenye alama hiyo. Alama ya kwanza iwe mlango wa kuingilia diko lake. Miamba ya samaki ifuate.

Mnunuzi aangalie kama kifaa kinaelea. Vya eTrex havielei. Vipo vingine vya baharini, kama GPSMAP 78, vinavyoelea lakini bei iko juu. Aliyenunua kisichoelea akifunge kwa kamba shingoni, pamoja na kipande cha boya la wavu. Maandishi ya IPX7 yana maana kwamba kinavumilia maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa, siyo kwamba kinavumilia chumvi miaka mitatu. Kioshwe kwa maji baridi kila kinaporudi, na sehemu ya betri ikaushwe.

Jambo jingine ambalo wauzaji wachache hulieleza: vifaa vya bei ya chini kama eTrex 10 havina dira ndani yake. Hujua upande vinakoelekea pale tu vinapokuwa kwenye mwendo. Ngalawa ikisimama kwa kukosa upepo, mshale huzunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, na mvuvi aliyepatwa na hofu huufuata. Dira ndogo ya kawaida ya sumaku haitumii betri na haina budi kuwemo chomboni. Kwenye pwani ya Tanzania tofauti kati ya kaskazini ya dira na kaskazini halisi ni nyuzi chache tu, hivyo haimsumbui mtu anayerudi nyumbani.

Vya mtumba kutoka Ulaya navyo vipo. Vinaweza kufaa, lakini viwashwe mahali pa wazi kabla ya fedha kutoka mkononi. Vipewe dakika kadhaa, kwa kuwa kifaa kilichosafiri mbali huchukua muda kuzitambua satelaiti za hapa. Namba zitakazotokea Tanzania lazima ziwe na S na E. Vingine vya zamani huonyesha tarehe isiyo sahihi tangu hesabu ya wiki za mfumo wa GPS ilipoanza upya Aprili 6, 2019. Mara nyingi mahali panabaki kuwa sahihi, lakini hiyo ni hoja nzuri ya kuomba punguzo. Kadi ya ramani ya bahari ya huko kwao haina kazi Kilwa.

Namba zenyewe ndiko watu wanakopoteana. Kifaa kimoja huandika nyuzi na dakika, kingine huandika nyuzi na desimali. Mvuvi anayempigia mwenzake simu na kusema yuko "sita nukta thelathini" anaweza kuwa na maana ya nyuzi 6 dakika 30, au nyuzi 6.30 ambazo ni nyuzi 6 dakika 18. Kati ya hizo mbili kuna dakika 12. Dakika moja ya kwenda kaskazini au kusini ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Waokoaji wamepelekwa kilomita 22 pembeni. Diko zima likubaliane muundo mmoja na vifaa vyote vipangwe hivyo. Anayelinganisha na ramani za zamani za serikali, zilizochorwa kwa mfumo wa Arc 1960, akumbuke kuwa zinatofautiana na mfumo wa GPS wa WGS84 kwa karibu mita 300.

Usahihi huo wa kutaja mahali una uzito kwa sababu chombo kilichovunjika mlingoti hakikai kilipo. Mkondo wa bahari wa pwani hii huelekea kaskazini mwaka mzima, na hupata nguvu zaidi wakati wa kusi. Mvuvi wa Pangani au Tanga anayepoteza tanga mwezi Julai asitafutwe alikoonekana mara ya mwisho, bali upande wa Kenya. Mkondo wa noti mbili humsogeza zaidi ya kilomita 40 kati ya magharibi na alfajiri.

Kwa mwenye fedha zaidi, kipo kifaa cha kuita msaada kupitia satelaiti, maarufu kwa kifupi cha PLB. Hiki ndicho kinachosema. Kikivutwa kizuizi chake hutuma ishara ya dharura kwa saa 24 au zaidi, bila ada ya mwezi. Bei yake huko nje huanzia kama dola 250 na kuendelea, na lazima kisajiliwe kwa jina la mtumiaji. Anayeagizia ndugu aliye ng'ambo ahakikishe kwanza kuwa kinaweza kusajiliwa hapa. Redio ya mkononi ya VHF, chaneli 16, nayo ni nzuri penye njia za meli, ila hufika maili chache tu kwa mtu aliyekaa chini kwenye ngalawa, na masafa yake yana kibali chake TCRA.

Fedha itoke wapi? Chukua mfano wa mvuvi aliyekusanya jaketi, kamba, dira, tochi, mfuko wa simu na GPS kwa jumla ya shilingi 600,000. Vikidumu miaka mitatu, naye akitoka siku 200 kwa mwaka, ni shilingi 1,000 kwa kila siku ya kazi. Haiumi hivyo. Kinachouma ni kuitoa yote kwa mkupuo. Ndiyo maana jaketi na kamba vitangulie msimu huu, na GPS isubiri msimu mwingine. Kinyume chake hakikubaliki.

Hapa wapo watu wengine ambao wangepaswa kuguswa. Matajiri wa samaki, wale wanaowakopesha wavuvi nyavu na mishipi kwa masharti ya kuuziwa wao mzigo, huandika kwenye daftari kila kipande cha wavu. Jaketi halimo. Kibiashara huo ni uzembe, maana dhamana pekee ya deni hilo ni mtu aliye hai. Mkopeshaji aliyetoa laki nane za nyavu bila jaketi ameweka mtaji wake kwenye ngalawa isiyo na boya. Angeliongeza kwenye deni lile lile na kulifanya sharti, angekuwa anajilinda yeye mwenyewe, pamoja na mama anayekaanga samaki na mchuuzi wa baiskeli wanaosubiri mzigo huo.

Vikundi vya usimamizi wa uvuvi vijijini (BMU) na SACCOS vinaweza kuagiza majaketi 20 kwa pamoja na kupata bei ya jumla. GPS inaweza kumilikiwa na wawili au watatu wanaopokezana siku za kutoka. Mwezi usio na uvuvi haina haja ya kulala kabatini: vifaa vingi vya aina hii hupima eneo kwa mtu kutembea mpakani mwa shamba, na mkulima anayetaka kujua kama trekta imelima ekari tano au nne atalipa kidogo kwa huduma hiyo. Kwa robo ekari asikitumie, kosa la mita chache hapo ni kubwa, na kwa hati ya ardhi ni lazima mpima mwenye leseni.

Kinachobaki hakinunuliwi dukani. Kabla ya kusukuma ngalawa, mvuvi amwachie mtu mmoja wa nchi kavu maelezo ya mahali anapokwenda kwa namba, saa ya kurudi, na saa ambayo ikipita msaada uanze kuitwa. Asikilize utabiri wa upepo na mawimbi wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA). Mtu huyo wa nchi kavu awe na namba za kupiga: 112, kituo cha utafutaji na uokoaji majini cha Dar es Salaam kilicho chini ya TASAC, na kwa Zanzibar KMKM. Namba hizo zibandikwe kwenye mlango wa ofisi ya diko, kwa wino usiofutika na mvua.